Betri Sita za Anania

Mdogo wangu Anania hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule hapa Njombe, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Alijifunzia Bulongwa, kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Namwandika kwa sababu siku ya mazishi yake niliona jambo lililonitia kinyaa, na nimeomba mara nyingi kinitoke, hakijanitoka.

Serikali ilipofungua biashara huria, kwaya yake ilianza kupungua. Wanaume walikimbilia Makambako, huyu mitumba, yule mbao, mwingine viazi vya kupeleka Dar es Salaam. Kufikia mwaka 1997 sauti ya nne yote, ile nzito ya wanaume, ilikuwa inauza vitu stendi. Ndipo Luqmani wa Makambako, mwenye lori, ambaye Anania alikuwa akimshonea vitambaa vya viti, akamletea kinanda cha umeme kilichotumika.

"Mwalimu, hiki kinakumbuka kila kitu, kama mke wangu," Luqmani alisema akikishusha. "Tofauti yake hiki kina kitufe cha kukizimia."

"Mkeo anajua unayosema?"

"Ndiyo maana nayasemea Njombe!"

Kilikuwa na betri kubwa sita tumboni. Zikitolewa, yote kiliyorekodi yanafutika, kwa hiyo Anania hakuacha ziishe, na Luqmani alimletea mpya kila alipopita.

Alirekodi hivi. Alipiga sauti ya nne, ubeti mmoja. Kinanda kilipofika mwisho kilirudi chenyewe mwanzo na kuipiga ile sauti ya nne, naye akiongeza ya tatu juu yake. Kikizunguka tena, anaongeza ya pili. Mimi niliona ni kama anavyotia bitana kwenye koti. Sauti ya kwanza hakuirekodi kamwe. Nilimuuliza.

"Hiyo ni ya watu, dada. Nikiiweka na hiyo, watakuja kanisani kufanya nini?"

Hata hivyo walizembea. Mazoezi ya Alhamisi yakabaki ya Anania na mama Tabea, mjane anayeimba sauti ya kwanza tangu mimi niko sekondari. Benno, mwenyekiti wa kwaya, aliingia Jumapili akitafuna karanga, akivaa joho mlangoni.

Baridi ya Juni 1999 ilimkamata Anania kifua. Akiwa amekaa kitandani, kinanda mapajani, alirekodi wimbo mmoja wa mazishi, sauti tatu, akipumzika baada ya kila mzunguko.

"Huu ni wangu," aliniambia. "Sauti ya kwanza waimbe wao. Dada, uhakikishe."

Niliahidi. Baada ya wiki tatu tukamzika.

Kaburini kinanda kiliwekwa juu ya benchi, na Benno akabonyeza kitufe. Sijawahi kusikia kitu kichafu kama kile. Sauti tatu za mdogo wangu zilikuwa chini kabisa, na juu yake kulikuwa na fujo, vidole vinavyokimbizana, vingine vimewahi, vingine vimechelewa. Wanakwaya walisimama na majoho yao yaliyopigwa pasi, wakifungua na kufunga midomo. Hakuna aliyetoa sauti. Nikalizunguka jeneza, nikamwendea.

"Benno, zima. Umefanya nini?"

Alizima. "Niliukamilisha jana, dada Dorika. Sauti ya kwanza haikuwemo. Nilipokosea nilirudia, nikakosea nikarudia, mpaka nikapatia."

Alidhani kila mzunguko unafuta makosa ya ule uliotangulia. Haufuti. Unaongeza juu. Mdogo wangu alikuwa amefunikwa na akina Benno tisa au kumi, na hakuna kitufe cha kuwatoa wao peke yao.

"Si mbaya sana," akasema. "Jumapili tutautumia hivyohivyo."

Hapo nikakigeuza kinanda juu ya benchi na kufungua kifuniko. Nilijua ninachofuta. Mikono ya Anania haikubaki mahali pengine popote duniani. Nikazitoa betri zote sita, nikazifunga kwenye pindo la kanga.

"Dada! Hizo ni mali ya kanisa!"

"Nilimpa mimi," alisema Luqmani kutoka nyuma, kofia yake kichwani. "Mwache dada wa watu. Imbeni."

Walitazamana. Mchungaji aliinamisha kichwa, wala hakunikemea. Kisha mama Tabea akaanza, akaenda na sauti ya kwanza peke yake karibu ubeti mzima. Wengine wakamfuata kwa aibu. Sauti ya nne haikuwepo. Waliimba vibaya, na kinyaa changu hakikupungua.

Ubeti wa pili Benno naye akafungua mdomo, na safari hii kilitoka kitu. Sikumtazama. Betri zilikuwa zinanivuta kanga upande mmoja, nikazishikilia mpaka udongo ulipojaa.