Chang'aa Iliyookoa Vifaranga

Hapa Langas redio ikianza kukohoa, anaitwa Murunga. Huyo mtu ni mpole, na polepole yake, wacha tu! Hachomelei kitu kabla hajakisugua kama sufuria ya harusi. Ukimharakisha anakwambia, "Lehemu haishiki uchafu, mama."

Jumapili moja mashine ya kuangulia mayai ya mjukuu wangu Wamucii ikazima. Mayai yalikuwa karibu kupasuka, na baridi ya Eldoret mnaijua: mimi nimeona jogoo ameganda akiwika, mdomo wazi. Nikayatia mayai yote kifuani, nikajifunga blanketi, nikaketi jikoni kama kuku. Wamucii akakimbia kanisani, akamtoa Murunga katikati ya kwaya, na kanzu yake ya kwaya.

Murunga akafungua mashine. "Mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Kwa nyumba ya kuku," Wamucii akasema. "Mayai yasikie mama zao."

"Basi hewa ya mavi imekula hii kadi ya umeme. Ona lehemu, imekuwa jivu."

Akatoa mswaki, akatikisa chupa yake ya spiriti ya kusafishia. Kavu! Na maduka ya vifaa yamefungwa.

"Chomelea tu hivyo!" Wamucii akalia.

"Itaachilia kabla nifike kwa geti."

Nikakohoa. "Chini ya kitanda kuna dawa yangu ya miguu."

Wamucii akaileta. Murunga akanusa, akaruka. "Mama! Hii ni chang'aa! Mimi sijawahi kugusa pombe!"

"Nani amekwambia unywe? Nywesha mswaki."

Pale pale, kifuani mwangu yai likalia: piu! Murunga akaziba pua, akachovya.

Lo, kusugua huko! Anakwangua kwa kisu, anapiga mswaki, anafuta, machozi yanamtoka. Inzi waliopita juu wakaanza kuimba soprano. Jivu likatoka, lehemu ikang'aa kama meno ya bibi harusi! Akangoja ikauke kabisa, ndipo akachomelea. Lehemu mpya ikayeyuka, ikakimbia, ikashika mara moja. Akawasha. Taa! Joto! Wamucii akapiga vigelegele.

Tukarudisha mayai, ila moja likakataa kutoka. Likapasukia hapo hapo, kifaranga akachungulia kwa kola ya gauni langu.

Murunga akanusa kanzu yake. "Sasa nitarudi aje kwaya nikinuka hivi?"

"Waambie nimejifungua," nikamwambia, "na mkunga alikuwa ni wewe."