Mtoto Aliyejua Kurani Itarudi Saa Ngapi

Televisheni ya Papa Kaumba ilikuwa ikinuka vumbi lililoungua. Ukiiwasha, kwanza ulikuja mlio mwembamba, kisha ile harufu, kisha picha iliyoanzia katikati ya kioo na kupanuka taratibu mpaka pembeni. Sisi watoto wa kambi ya zamani ya wafanyakazi, pale Panda, mjini Likasi, tulikuwa tumekwisha kukaa sakafuni kitambo, magoti yamebanana, tukinuka sombe, mboga ya majani ya muhogo, na sabuni ya kufulia. Ilikuwa kila Jumamosi mchana. Papa Kaumba, mstaafu wa kiwanda cha shaba cha Shituru, alikaa kwenye kiti pekee chenye mto, na mkewe aliacha mlango wazi ili waliokosa nafasi watazame kutoka barazani. Naandika habari za msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa kiangazi mpaka mvua za kwanza, mwaka nilipoingia darasa la sita. Nimeahirisha kuandika kwa miaka mingi. Sababu ni aibu, na sina haja ya kuipa jina lingine.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mfululizo, ya Kifaransa, na jina lake halikutushughulisha. Tuliiita ile ya nyota. Ndani yake kulikuwa na chombo kikubwa kinachotangatanga angani, watu wazima kadhaa wenye sare, na mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili anayeitwa Tibo, nywele zimechanwa upande mmoja, shati halichafuki hata siku moja. Kila Jumamosi chombo kilikaribia kulipuka. Kila Jumamosi mafundi wenye mvi walikuna vichwa, Tibo akapita, akatupia mashine jicho, akasema neno moja, na chombo kikapona. Watoto wadogo walimpenda ajabu, maana huyo alikuwa mtoto anayesema na wakubwa wakanyamaza kumsikiliza, jambo ambalo hawakuwahi kuliona nyumbani kwao. Sisi tuliokuwa tunapanda kimo hatukumpenda. Papa Kaumba ndiye aliyemchukia kwa moyo wote. Alikuwa akielekeza kidole kwenye kioo na kusema, "Minye nilikaa miaka makumi tatu ku fuluni ya kuyeyusha shaba. Sasa kale katoto njo kanakuja kunifundisha kazi?" Mkewe alimwambia apunguze sauti, hiyo ni filamu tu. Yeye alijibu kwamba hata filamu iko na heshima yake.

Katika kundi letu alikuwamo Masengo, jirani yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba iliyopakana na yetu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kujibu swali kabla hujalimaliza. Shuleni alikuwa wa kwanza na mimi nilikuwa wa pili, tangu darasa la tatu, bila kubadilishana hata muhula mmoja. Mwalimu alipokuwa akirudisha daftari alisema, "Odette, angalia kazi ya Masengo," na mimi niliangalia, nikatabasamu, na moyoni nilikuwa natamani ateguke mkono. Mwaka ule tuliambiwa kwamba shule ya sekondari ya masista itachukua msichana mmoja tu kutoka kwetu, yule atakayeongoza katika mtihani wa mwisho. Watu wote walijua ni nani. Mama yake alikwisha kuanza kumshonea sketi ya bluu.

Mbele ya televisheni Masengo alikuwa mzigo zaidi. Siku moja nahodha alijeruhiwa, wote tukashika vinywa, nami nikatangaza kwamba Jumamosi ijayo atakufa. Masengo akasema hatakufa, kwa sababu picha za mwanzo za filamu zinamwonyesha akiwa na ndevu, na ndevu hizo hatujaziona katika hadithi. Jumamosi iliyofuata nahodha alifungua macho, na mwezi haukuisha kabla hajafuga ndevu. Nikaanza kumwita Tibo. Jina likashika upesi, likavuka barabara, na hata wadogo waliompenda Tibo wa kwenye kioo walilitumia kumzomea Tibo wa kwetu. Jambo hilo limenisumbua sana baadaye: mtoto mwenye akili anapendeza akiwa mbali, ndani ya chombo, anaokoa watu tusiowajua, lakini akikaa karibu nawe sakafuni goti lake linakuchoma.

Kisha likaja jambo la kurani, yaani umeme. Mwaka ule ulikuwa ukikatika hovyo, au sisi tulidhani ni hovyo. Picha ilinywea ikawa nukta, wote tukaguna, na Masengo akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Itarudi mbele ya saa kumi na nusu." Ikarudi saa kumi na dakika kumi. Safari nyingine alisema leo hairudi, twendeni nyumbani, na haikurudi. Watu wazima walianza kumwuliza, kwanza kwa mzaha, halafu kwa kumkazia macho. Mke wa Papa Kaumba alimwuliza mara tatu kama awashe makala, yaani mkaa, au asubiri jiko la umeme, na mara tatu zote mtoto alisema kweli. Safari ya nne hakumwuliza tena; alikuwa amekwisha kumwogopa.

Mimi nilijua anavyofanya. Ni mimi peke yangu niliyejua. Alinionyesha tukiwa tumekaa kando ya reli, maua ya jakaranda yamejaa kwenye mawe, akafungua daftari la mistari alilolificha tumboni. Kiangazi kizima alikuwa ameandika saa ya kurani kukatika na saa ya kurudi, siku kwa siku, na kando yake saa ya king'ora cha kiwanda na hali ya moshi wa Shituru, mzito au mwepesi. Moshi ukiwa mwepesi wakati wa zamu ya mchana, kiwanda kimepunguza kazi, na mtaa wetu hupewa kurani katika muda wa saa moja. Moshi ukiwa mzito, usisubiri. Alikuwa amekosea mara nyingi mwanzoni, na kila kosa alilipigia mstari mwekundu. Nilimwambia, "Kumbe njo vile unajuaka." Akatikisa kichwa. "Haiko kujua, Odette. Iko kuangalia tu. Hata weye unaweza." Alinipa daftari nilishike. Alitaka tufanye pamoja, awe na mwenzake, na mimi nilisikia tu kwamba hata katika jambo hilo nitakuwa wa pili.

Mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wake Masengo, mtoto mchanga wa miezi saba, alishikwa na homa akafa baada ya siku mbili. Watoto walikuwa wakifa kwa homa kila mwaka mvua zikianza, lakini katika kanisa letu, lile la maombi lililokuwa chini ya mabati nyuma ya soko, kifo cha mtoto hakikuachwa bila kutafutiwa mwenye kosa. Jumapili mchana pasta aliwaita watoto wote mbele, kama ilivyokuwa desturi, atakaye atoe ushuhuda wa alichoona. Mama Masengo alikuwa amekaa benchi la kwanza, kitenge kichwani, macho yamevimba. Hakuna aliyenisukuma. Nilisimama mwenyewe, nikasema, "Masengo anajuaka bintu mbele bifike. Anajuaka kurani itarudi saa ngapi. Anajuaka nani atakufa na nani hatakufa." Nilikuwa nasema juu ya nahodha. Sikusema kwamba ni juu ya nahodha. Pasta akaniuliza polepole, "Nani anamwambiaka?"

Masengo alinigeukia. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anangoja nimalizie, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Sijui."

Neno moja. Masengo alikimbia nyumbani mwenyewe akalileta daftari, akiamini litamtetea, na hilo ndilo lililommaliza. Pasta alifungua akaona namba juu ya namba, saa na tarehe, mistari myekundu, akampa shemasi, shemasi akampa mzee wa kanisa, na kila mmoja alikunja uso. "Mutoto wa miaka kumi na moja anaandikia nani hesabu hizi?" Wakaona mstari mwekundu katika juma lile mtoto mchanga alipofariki. Ulikuwa mstari wa kosa, siku hiyo mvua ilikuwa imeangusha nguzo ya kurani, na mimi nilijua, na nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwao. Mama yake alimnyoa nywele jioni ile ile kama alivyoelekezwa, ili uchawi umtoke. Walimfungisha bila chakula, kwa maombi, siku tatu. Mwalimu wetu alikuja mlangoni kumwomba baba yake amrudishe darasani, akaambiwa mambo ya nyumba ya watu hayamhusu. Kabla ya Noeli walimpandisha treni kwenda Bukama kwa mjomba wake, na hapakuwa na mtu aliyemwandikisha shule huko.

Nilifanya mtihani nikawa wa kwanza. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisimama kanisani kwa ajili ya nafasi ile. Siku ile sikuiwaza. Niliiwaza kesho yake asubuhi, nikiwa napiga mswaki, na nilifurahi. Masista walinipokea, nikasoma, leo ninafanya kazi katika maabara huko huko Shituru, na watu wa mtaa hunitaja kwa watoto wao kama mfano wa bidii.

Mwanangu Glody ana miaka kumi na miwili, na sasa filamu za namna ile anazitazama kwenye simu, amelala chali, peke yake. Juzi alinisomea maoni ya watazamaji juu ya msichana mmoja mwenye akili nyingi katika filamu yake: wengine wanamwabudu, wengine wanaandika kwamba wangependa atupwe nje ya chombo. Akaniuliza kwa nini watu wanamchukia hivyo, maana anawaokoa. Nilimjibu kitu cha haraka, kwamba anajidai. Lakini nilibaki nalo swali. Wanaotunga hadithi hizo hutuonyesha mtoto akitoa jibu, hawatuonyeshi kiangazi kizima alichokaa akiandika na kukosea. Basi mtazamaji anaona jibu limeanguka kutoka hewani, na kitu kinachoanguka kutoka hewani ama tunakipigia magoti ama tunakiogopa. Papa Kaumba hakuwa mpumbavu. Alikuwa anadai kuonyeshwa kazi. Na mimi niliyeonyeshwa kazi, niliyeishika mkononi, nilimfanyia Masengo kama watungaji wale: niliwapa watu jibu na nikaficha jasho.

Wiki hiyo nilikwenda kwa mama yake. Bado anaishi nyumba ile ile, mjane sasa, miguu imevimba, na kwa muda mrefu watu humwita kwa jina la mwanawe wa pili. Mimi nilisema hodi nikamwita Mama Masengo. Akanipa kiti. Aliniambia binti yake anauza samaki wakavu kituoni Bukama, ana watoto watano, hajakanyaga Likasi tena. Nikamweleza yote: reli, daftari, moshi, mstari mwekundu, nahodha wa kwenye filamu. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyesoma. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nasema kweli, nilikuwa nangoja kutukanwa ili nirudi nyumbani mwepesi.

Hakunitukana. Alitazama viganja vyake vyote viwili, kwa muda mrefu, akavigeuza. "Minye njo nilimunyoa," akasema. "Alikuwa analia, anasema mama ni moshi, ni moshi tu, na minye nikamushika kichwa. Miaka yote hii nilikuwa nasema, angalau nilifanya ile Mungu anataka." Kisha akaniangalia, bila hasira, jinsi unavyomwangalia mtoto aliyevunja sahani. "Weye umekuja kutua muzigo yako. Sasa hii umeniletea minye, mu hii miguu, nitaipeleka wapi?"

Nilibaki nimekaa kwenye kiti chake mpaka jirani alipokuja kumletea maji, na nikaondoka bila kuaga vizuri.