Kibati cha Gidioni

Eliaichi hakulia siku ya kumzika mumewe, wala siku ya kuanua tanga. Wanawake wa Machame walimtazama, wakanong'ona kwamba moyo wa huyu ni jiwe la mtoni. Waache wanong'one. Yeye alikama ng'ombe, akakata majani, akapika mtori wa ndizi, akaonja chumvi isiyokuwa na ladha. Ndivyo alivyokuwa tangu Gidioni afe kwa kichomi, masika ile ya mwaka wa hamsini na tatu.

Gidioni alikuwa mtu wa kituo cha hali ya hewa, kule chini ya vihamba vyao vya migomba. Kila siku saa tisa alasiri walirusha puto lenye kisanduku cha redio kinacholia kikienda angani. Hapa chini kulikuwa na sahani ya wavu wa waya, pana kama paa la banda la mbuzi, inayolifuata puto kwa kusikiliza ule mlio. Haisukumwi na mtu. Ina mota mbili, ya kuizungusha na ya kuiinua. Mlio ukipungua upande mmoja, mashine yenyewe inaituma mota iurudishe uso wa sahani kwenye puto. Kuzitunza hizo mota ilikuwa kazi ya Gidioni. Mvua ilipoingia ndani yake akazifungua ili azikaushe, na kabla hajazirudisha kifua kikamwangusha.

Sasa Eliaichi ameitwa akachukue koti la marehemu.

Bwana wa kituo, Mwingereza mwembamba mwenye haraka, alimsogezea karatasi mezani. "Tia sahihi, mama. Koti hili hapa."

Eliaichi alisoma darasa la kipaimara tu, basi. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisukuma polepole mpaka la mwisho. Bwana akatazama saa, akakohoa. Eliaichi hakuinua kichwa. Karatasi ilisema amepokea koti moja, na kwamba marehemu Gidioni, kwa uzembe, alivuruga nyaya za sahani akaharibu mota.

"Koti ni lake," akasema. "Uzembe si wake."

"Mashine haifanyi kazi, mama. Ni yeye aliyeifungua."

"Sitii."

"Bila sahihi, hakuna koti."

"Basi likae."

Akatoka nje. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi, na ganzi hiyo ilikuwa mwili mzima. Lakini kuweka jina lake chini ya uongo ule, hapana.

Juu ya ngazi, mikono imejaa grisi, alikuwapo Zaidi, fundi redio kutoka mjini Moshi, aliyeitwa kuitengeneza sahani. Alikuwa rafiki wa Gidioni wa miaka mingi.

"Pole na msiba, shemeji."

"Nimeshapoa. Mota zina nini?"

"Hazina kitu, ndiyo taabu yenyewe! Nimesafisha kaboni, nimebadili fyuzi, nimetia grisi mpya. Moja moja nikizipa moto wa betri zinazunguka kama cherehani. Nikiziunga kwenye mashine zinapanda pepo."

"Nyie watu wa mjini kila kitu pepo."

"Na nyie Wachaga kila kitu ndizi." Zaidi akacheka, kisha akakumbuka msiba, akakikata kicheko. "Hebu nisaidie. Shika mti huu."

Akampa mwanzi mrefu. Kwenye ncha amefunga kisanduku kama kile cha puto, kinalia. "Wewe ndiye puto. Tembea kule."

Eliaichi akatembea kuelekea mlimani. Sahani haikumgeukia. Iliinua uso mbinguni, ikashuka, ikainuka tena, ikatetemeka kama ng'ombe mwenye kupe sikioni.

"Umeona?" Zaidi akapaza sauti. "Mashine inamwita Petro, anaitika Paulo! Na mimi nimeunga vile vile alivyoandika mwenyewe. Njoo utazame."

Akarudi. Ndani ya kasha la chuma la mashine palikuwa na matita mawili ya nyaya. Tita moja lilifungwa kipande cha bati la kopo, kimetobolewa herufi kwa msumari: JUU, na chini yake, CHINI. Tita la pili halikuwa na kitu.

Eliaichi akazigusa zile herufi. Alimjua Gidioni, J yake ilikuwa kama ndoano.

"Hili umelifunga wapi?"

"Pa kufunga ni wapi tena, shemeji? Juu na chini! Kwenye mota ya kuinua."

"Juu ni wapi?"

Zaidi akaelekeza kidole mawinguni. "Juu si kule?"

"Kule ni mbinguni," Eliaichi akasema. "Juu ni kule." Akauelekea mlima. Kisha akanyoosha mkono tambarare, kulikokuwa na mabati ya mji wa Moshi. "Na chini ndiko kwenu."

Zaidi akautazama mlima, kisha kile kipande cha bati.

Nyumbani kwa Eliaichi mambo yote yalikuwa hivyo. Sufuria lisogezwe juu, maana yake upande wa mlimani. Mbuzi yuko chini, maana yake upande wa tambarare. Hata kitandani, Gidioni alipomwambia sogea juu kidogo, alisogea ukutani, upande wa kilele cha Kibo. Mtu wa namna hiyo akiandika juu na chini, anasema sahani izungukie mlimani au izungukie mjini. Hazungumzii kuinuka.

"Miaka kumi nimekula ndizi kwake," Zaidi akasema, akitafuta bisibisi, "sikujua kwamba mtu huyu hana kushoto na kulia!"

Akabadilisha matita. Eliaichi akashika mwanzi.

Akatembea juu, sahani ikazunguka taratibu, ikamtazama. Akatembea chini, ikamfuata. Akasimama, ikasimama. Akasubiri asikie jambo moyoni, hakusikia. Ila miguu haikutaka kuacha. Akaenda tena mpaka kwenye mfereji, akarudi mpaka kwenye lango, na ule uso mpana wa waya ukaenda naye kila hatua.

"Inatosha, shemeji!" Zaidi akaita. "Imepona!"

Akaenda mara moja zaidi.

Bwana alikuja, akatazama, akasikiliza maneno ya Zaidi, masikio yakamwiva. Ofisini alichukua kalamu akapiga mstari kwenye neno la uzembe.

"Bado linasomeka," Eliaichi akasema. "Andika nyingine."

Akakaa kwenye benchi. Puto la siku ile liliruka, sahani ikalifuata mpaka mawingu yakalimeza, naye yupo tu benchini. Karatasi mpya ikaja. Akaisoma yote kwa kidole. Safari hii ilitaja koti tu. Ndipo akaandika ELIAICHI, herufi kubwa, bila kuinua mkono.

Njiani akipanda akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Kulikuwa na kibati kingine kama kile, cha tita la pili, kimekatwa vizuri, tundu limeshatobolewa, waya umeshapitishwa. Hakina herufi hata moja.

Akakigeuza upande wa pili. Napo hakikuwa na kitu. Akakirudisha mfukoni, akalivaa koti, akaenda kumkatia ng'ombe majani.