Mke Aliyerudi Mara Mbili

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia bila foleni wala kibali, baba yangu alijaza duka lake vitenge na mitumba, na mdogo wake akafungua ukumbi wa video nyuma ya soko la Singida. Kilikuwa chumba kirefu, zamani stoo ya mtama. Baba mdogo aliziba madirisha kwa mablanketi, akapanga mabenchi, akaweka televisheni juu ya meza na deki chini yake. Kila alasiri alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akawafasiria watu maneno. Kiingereza alikipata ujanani, alipokuwa karani kwenye stesheni ya reli kule Tabora, na alikuwa na sauti nzuri. Kuna watu walikuja kumsikiliza yeye zaidi ya kutazama picha.

Mimi nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, nikiuza dukani kwa baba. Duka likitulia nilikimbilia kwa mama mdogo, mke wa baba mdogo. Alinizidi miaka michache tu. Mbele za watu nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba kwa uso mkavu kabisa, kisha tukiingia uani tunaangua kicheko. Alizaliwa Kinyangiri kwa wakulima Wakristo, akasilimu alipoolewa. Alikaanga sambusa akaziuza mlangoni mwa ukumbi, na picha zenyewe hakuzijali. Aliijali moja tu.

Ilikuwa picha ya kutisha ya zamani, ile isiyo na rangi. Baba mdogo aliiona mara ya kwanza kwenye sinema ya Tabora kabla hajaoa, na miaka mingi baadaye mfanyabiashara mmoja akamletea mkanda wake kutoka Arusha. Inahusu mwanamume aliyefiwa na mkewe akabaki peke yake katika nyumba kubwa. Jioni moja mlango unafunguka wenyewe. Kesho yake pazia linasogea, na kiti cha mkewe kinakuwa kimevutwa karibu na meza. Yule mwanamke humwoni hata mara moja. Unaona tu mumewe akigeuka, na macho yake. Mwishoni anaufungua mlango kwa mkono wake, anasogea kando kama unavyompisha mgeni, anasema, “Umechoka na safari. Ingia upumzike.” Picha inaishia hapo.

Ikikaribia mwisho, mama mdogo alifunika beseni la sambusa kwa kitambaa, akaingia, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Vijana walilalamika kwamba picha haina kitu, watu hawafi. Yeye aliitazama akiwa amejishika mashavu.

“Inakutisha?” nilimuuliza siku moja.

“Inanitisha sana,” alisema. “Lakini huyo mama hana ubaya. Amepakumbuka kwake tu.”

Nilipenda kumtania kwa neno hilo. Nikimkuta nyumbani kwetu namwambia, “Umepakumbuka kwako?” naye ananipiga na ncha ya khanga.

Alifariki hospitalini wakati wa kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto naye hakuishi. Asubuhi tulikuwa tunapanga nguo ndogo kwenye kikapu, na alasiri mimi na shangazi zangu tulikuwa tunamwosha. Sikuwahi kuosha maiti kabla ya siku ile. Shangazi mkubwa aliniuliza kama nitaweza, nikasema nitaweza, kwa sababu sikutaka ashikwe na mikono ya watu asiowazoea. Nilimmwagia maji taratibu, nikiogopa yasiwe ya baridi sana.

Tulimzika siku ileile, kama dini ilivyotaka. Habari za msiba zilikwenda Kinyangiri kwa dereva wa lori, na mama yake alipofika kesho yake kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Aliketi mkekani katikati yetu na vumbi la safari miguuni, akauliza kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo mimi simwoni?” Baba mdogo alikuwa nje na wanaume. Alipoambiwa mama mkwe wake amefika, alishindwa kuja kumsalimia. Alisimama nyuma ya ukuta mpaka jirani mmoja alipomshika mkono.

Baada ya arobaini alifungua ukumbi tena. Sambusa hazikuwepo. Alifasiri kama kawaida, ila vichekesho alivyozoea kuchomekea aliviacha. Ile picha ya zamani hakuionyesha tena, na hakuna aliyeidai.

Kisha ukaja mkanda mpya kutoka Dar es Salaam. Kijana aliyeuleta alisema ni picha ileile ya mke aliyerudi, imetengenezwa upya, ya rangi, na huko Dar watu wanavunja milango kuingia. Baba mdogo aliushika mkanda ule muda mrefu. Sijui alitegemea nini. Nadhani alitaka kumwona yule mume akifungua mlango tena.

Siku ya kuuonyesha, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Nami nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma.

Mwanzo ulifanana: msiba, nyumba kubwa, mwanamume peke yake. Lakini mlango ulipofunguka, mwanamke aliingia mzima mzima. Uso ulikuwa umeoza, nusu ya midomo haipo, kucha ndefu kama za mwewe. Watu walipiga mayowe kisha wakacheka kwa raha. Mimi pia nilipiga yowe, siwezi kusema uongo, mwili wangu wote uliruka. Alimnyonga jirani, akamnyonga mtumishi. Ile ya zamani ilinifanya niogope kuondokewa na mtu. Hii ilinifanya niogope kushikwa mguu. Tena nilikuwa nimeuona uso wa maiti ya mtu ninayempenda, nikaupitishia maji kwa viganja vyangu, na haukufanana na kile kitu kilichokuwa kwenye kioo cha televisheni. Nilikasirika.

Baba mdogo aliendelea kufasiri. Sauti yake ilizidi kushuka. Yule mume akachukua galoni la mafuta ya taa.

“Mchome!” vijana walipaza sauti. “Mchome huyo!”

Mume alisema maneno fulani, akamwaga mafuta sakafuni. Kipaza sauti kilikaa kimya.

“Mfasiri, anasema nini?” mtu aliuliza kutoka mbele.

Baba mdogo alikuwa akiitazama televisheni kwa karibu mno, kama mtu anayesoma maandishi madogo. “Anasema,” alianza. “Anasema, mke wangu, umechoka na safari. Ingia upumzike.”

Kwenye kioo moto ulikuwa umeshashika mapazia na mwanamke anaungua huku akilia. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walidhani anatania kama zamani. Mama mmoja muuza vitunguu, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alisimama katikati yao. “Nyamazeni,” alisema. “Jamani, nyamazeni, huyu mtu amefiwa.”

Kicheko kilikatika. Picha iliendelea kulia peke yake. Nilipita katikati ya magoti ya watu mpaka mbele, nikazima televisheni. Walitoka mmoja mmoja, na baadhi yao, hata wale waliopaza sauti, walimshika bega baba mdogo wakipita. “Pole, mzee,” walisema. Hakuwa mzee.

Tulibaki wawili. Aliketi benchi la mbele, kipaza sauti kikiwa bado mkononi.

“Wewe ulimwosha,” alisema. Tangu msiba tulikuwa hatujalizungumza hilo.

“Ndiyo, baba mdogo.”

“Tangu afe sijafunga komeo la mlango wa uani. Kaka yangu ananigombeza, anasema wezi wataingia. Sifungi.” Alikiweka kipaza sauti benchini. “Sasa nikifumba macho nitauona huo uso wa kwenye picha. Nimejiletea mwenyewe.”

Nilipiga magoti mbele yake kwenye vumbi la sakafu. Mambo ya kuosha maiti hayasimuliwi ovyo, shangazi walinikanya, lakini nilimweleza. Nilimwambia uso wake ulikuwa wake, haukuwa na maumivu. Paji la uso lilikuwa limelegea, kama la mtu aliyetoka shambani akajinyoosha kidogo kabla ya kupika. Nywele nilizisuka mimi, mikia mitatu kama sheria ya dini inavyotaka, na mmoja ulinisumbua kwa sababu zilikuwa laini kama kawaida yake. Mtoto alizikwa pamoja naye.

Baba mdogo alilia. Msibani hakulia, alikuwa mtu wa kupokea wageni na kuuliza kama wamekula. Siku ile alilia kwa sauti, mdomo wazi, nami nikalia naye. Nje watu wa soko walikuwa wanafunga mizigo, na kwa hakika walitusikia.

Ukumbi hakuufungua tena. Deki na televisheni vilichukuliwa na kijana wa mikanda, na ile stoo ikarudi kuwekwa magunia, safari hii ya alizeti. Baba mdogo alikwenda Kinyangiri kumwomba mama mkwe wake radhi kwa siku ya mazishi. Alikusudia kurudi baada ya siku chache. Akakuta shamba limeota majani na mama wa watu yuko peke yake, akashika jembe. Aliishi kule misimu miwili, akilala nyumba ndogo pembeni kama heshima ya mkwe inavyotaka.

Nilikwenda kumsalimia wakati wa mavuno. Baba mdogo alikuwa shambani. Mama yule alikuwa uani anapepeta mtama, nikamwamkia, nikashika ungo wa pili. Tulipepeta pamoja. Kisha akaniambia bila kuinua macho, “Mkwe wangu amenieleza ulivyomsimulia. Mimi ameniambia kidogo, yeye ni mwanamume, anaona haya. Niambie wewe.”

Nikamwambia yote, tangu maji ya kwanza mpaka kitambaa cha mwisho. Nilipofika kwenye nywele aliuliza nilizigawa upande gani, nikamwonyesha kichwani kwangu. Alinyoosha mkono akanigusa pale nilipoonyesha, akaacha vidole vyake hapo, na upepo ulikuwa bado unaturushia makapi ya mtama usoni.