Miaka Kumi na Mmoja ya Kununiana Sokoni Norwich

Soko la Norwich, Uingereza, limekaa chini ya ngome kwa zaidi ya miaka mia tisa, na muda wote huo watu wamegombana humo kwa kila sababu. Ila ugomvi wa Hilda Gooch na Cyril Larter ulikuwa na sifa zake. Hata wauza maua waliwasimulia wageni.

Hilda aliuza njegere za moto za kupondwa, katika kibanda alichokianzisha mama yake, Bi Gertie. Cyril aliuza samaki kibanda cha jirani. Mwaka 1963, baridi ilipokataa kuondoka mpaka Machi, Cyril alimwaga ndoo ya maji ya samaki kijiani kama alivyozoea. Maji yakaganda. Bi Gertie akateleza, akavunjika nyonga, na sokoni hakurudi tena.

Cyril alikuja mbio, kofia mkononi. "Hilda, dada yangu, sikukusudia..."

"Dada yako nani? Kuanzia leo usinisemeshe!"

Na kweli. Miaka kumi na mmoja walifungua vibanda vyao bega kwa bega bila salamu. Upepo ukifumua turubai la Cyril, Hilda alimtuma muuza maua akamwambie. Cyril naye hakukosa utani: "Mwambieni jirani yangu mvua inakuja. Mimi sauti yangu haimfikii." Watu wakicheka, Hilda alikaza uso, akakoroga njegere.

Kisha Muriel, mkewe Cyril, akafariki. Walimzika Jumanne, Alhamisi Cyril akafungua kibanda. Hilda hakutaka kumtazama, lakini macho hayana pazia. Alimwona akimfungia mteja samaki pamoja na glavu za mteja mwenyewe. Mchana, wenzake walipokula, yeye alikaa juu ya kreti akiangalia mikono yake. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu Hilda alijaza bakuli, akamimina mchuzi wa mnanaa, akazunguka upande wa pili.

"Kula."

Cyril akainua kichwa. "Unasema na mimi?"

"Nasema na samaki? Kula bwana, zitapoa."

Akala huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Alipomaliza akasema, "Nataka kumwona mama yako. Miaka yote hii nilikuwa naogopa."

Jumapili akaenda, amekumbatia furushi la samaki wa moshi. Bi Gertie, mkongojo pembeni, alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia binti yake.

"Huyu nilimsamehe kabla hata mfupa haujaunga. Wewe hiyo hasira uliitoa wapi?"

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nikitaja jina lake tu, huyo, ushatoka nje! Haya, injika chai. Na wewe Cyril, niondolee hao samaki kwenye kochi langu."

Tangu hapo wakawa wanakula pamoja kila mchana. Cyril alimsimulia habari za Muriel. Hilda alimsikiliza bila kumharakisha. Wauza maua walisubiri harusi mpaka wakachoka. Miaka kumi na mitano ilipita hivyo, hata miguu ya Cyril ikamshinda, na siku alipokata roho Hilda alikuwa kando ya kitanda akimsomea matokeo ya mpira.

Hilda alikuwa na miaka themanini na moja walipokuja watu wa kukusanya kumbukumbu za soko. Walimuuliza habari za vita na vibanda vya zamani. Yeye akawaeleza habari za Cyril. Binti aliyeshika kinasa sauti akauliza kwa upole, "Mlipendana, bibi?"

Hilda akafikiri. "Mwanangu, ile miaka kumi na mmoja ya kununiana ndiyo inayoniuma. Tulikuwa tumeachana hatua mbili tu."

Binti akamsikilizisha walichorekodi. Hilda alitega sikio, kisha akamshika mkono.

"Rudisha hapo. Jina lake nimelimeza. Watu wasikie vizuri." Akajisogeza karibu na mashine. "Cyril Larter. Muuza samaki."