Aliyekuja Nilipolia Kama Kinda la Bata Mzinga

Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi ya heshima zaidi. Mwanamume wa miaka hamsini na ushei, kasoma chuo kikuu, anaandika makala za kuwafundisha watu kufikiri, halafu anakutwa kachutama nyuma ya mgunga analia kama kinda la bata mzinga? Nani anayejizulia habari kama hiyo? Basi niamini tangu hapa. Haya yalinipata mimi, na hata sasa ninapoandika nimekaa nikiuelekea mlango.

Shemeji yangu Said ana shamba huku Oman, upande wa Ibra, chini ya wadi, yaani bonde la mto mkavu. Zamani alileta mabata mzinga wa kufuga. Siku moja lango liliachwa wazi, wakatoka, wakapanda na wadi, na huko juu milimani wakawa wa mwitu na kuzaana. Said alipochoka kuwatafuta akatangaza: atakayemkamata ni halali yake.

Watu huwaendea baridi inapokwisha, madume wanapotunisha manyoya na kujisifu mbele ya majike. Wakati huo hata mjinga hakosi. Mimi nilisoma kwamba upo msimu mwingine ambao watu wanaudharau, huu wa tende zimeshavunwa na joto ndiyo kwanza linaanza kukatika. Kundi hukaa pamoja, mama na makinda yao yaliyokwisha kuwa makubwa. Unalivamia, unalitawanya kila upande, kisha unajificha papo hapo na kulia kama kinda lililopotea. Wengine waliopotea hukufuata. Unawatenga watoto na mama yao, halafu unajifanya mmoja wao. Nikiyaandika hivi hayasikiki vizuri, sivyo? Wakati ule niliyaona ya kitaalamu.

"Mchukue mchungaji wetu akuongoze," Said aliniambia. "Kule juu si pa kwenda kichwa kichwa."

"Shemeji, ramani ninayo kwenye simu."

"Haya. Na simu ikikosa mtandao utamwuliza nani? Punda?"

Nilikwenda bila mchungaji. Nilifuatana na binti yangu Zuwena, muuguzi Nizwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Siku nyingi alikuwa akinisikia nikifanya mazoezi bafuni, kipande cha plastiki cha kuigia sauti ya ndege juu ya ulimi.

"Baba, wallahi hiyo si ndege. Hiyo paka kabanwa na mlango."

"Wewe unajua nini?"

"Najua paka."

Ulimi anao, lakini adabu anayo vilevile. Nimemlea kama mama yangu alivyonilea, kwa desturi aliyotoka nayo Unguja: mtoto akiitwa na mzazi haulizi kuna nini. Mwanamume huitika "Labeka", mwanamke "Abee", na mguu tayari uko njiani. Zuwena hajawahi kuitwa mara mbili. Nilijivunia jambo hilo kuliko shahada zangu.

Tulipanda baada ya sala ya alasiri. Kundi tulilikuta kwenye mchanga, mahali wadi inapokunja. Zuwena alilikimbilia akipiga makofi, na ndege wakaruka huku na huku kwa kishindo. Kisha akateremka kunisubiri na gunia nyuma ya jabali, mahali ambapo hatukuonana. Tulikubaliana kwamba nikishamkamata mmoja nitalia mara tatu, naye atakuja. Nikatandika wavu wangu, wavu wa dagaa nilioununua Sur, usinicheke. Nikajibanza, nikaanza kulia.

Kii, kii. Kimya. Nikalia tena.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima lakini mwanga ulikuwepo wa kutosha, nilimwona vizuri. Mwanamke alikuja kutoka upande wa juu, upande usio na nyumba wala njia, kajitanda kanga kama wanawake wetu. Nilimkadiria kuwa mdogo kuliko mimi. Nyuma yake mabata mzinga walifuatana mmoja mmoja, wale wale tuliowatawanya, bila sauti.

"Ulikuwa ukilia wewe?" akaniuliza kwa Kiswahili safi.

Unadhani niliogopa? Niliona haya! "Naam, bibi. Nawinda tu, samahani."

"Mtoto halii vile ila kapotea. Haya, maghribi inaingia, watoto ndani." Akaanza kuwagusa ndege vichwani, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayehakikisha wanawe wote wapo. Alipofika kwangu akanigusa na mimi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mkavu, kama mguu wa ndege.

"Mwenzako yuko wapi?" akasema. "Mwite."

Hapo ndipo mwili uliponisisimka, maana sikuwa nimemtaja mtu. Nikafungua kinywa nimwambie niko peke yangu. Kilichotoka ni kii, kii. Nikatema plastiki. Nikajaribu kusoma Ayatul Kursi. Kii, kii, kii. Maneno niliyajua yote, moyoni nilikuwa nayasoma, lakini kooni hapakuwa na sauti ya mtu.

Na ile ya mwisho ilikuwa mara tatu.

"Abee!" Zuwena aliitika kutoka kule chini. Nikasikia mawe yakiporomoka chini ya viatu vyake.

Nisikilize vizuri. Kila nilipotaka kupiga kelele asije, nilikuwa namwita. Nikatambua kwamba kitu pekee ninachoweza kumfanyia mwanangu ni kunyamaza, mimi ambaye sijanyamaza hata matangani. Nikavua kilemba, nikakishindilia kinywani mpaka machozi yakanitoka.

"Baba? Baba, uko wapi? Umeanguka?"

Sauti yake ilianza kutetemeka, na mimi nilikuwa namsikia. Umewahi kumsikia mwanao akikutafuta, ukajizuia usimjibu? Usiombe yakufike.

Mwanamke alinitazama bila hasira. Akakaa juu ya jiwe, akajipangia kanga yake vizuri, akalia mwenyewe. Mara tatu. Wallahi sijasikia kilio kizuri namna ile. Kilikuwa laini, chenye upweke ndani yake, na mimi mwenyewe niliyekuwa pale nilitamani kukifuata.

Viatu vikasimama. Zuwena alikuwa karibu, bado tu hajalizunguka jabali. Mwanamke akalia tena. Mwanangu hakuitika. Kisha nikasikia mawe yakiporomoka kwa kasi, lakini sasa yakiteremka, mbali nasi. Sijawahi kufurahi vile kwa kuachwa.

Baadaye nilimwuliza alijuaje. Akaniambia, "Kililia vizuri mno, baba. Wewe huwezi."

Mwanamke alisikiliza mpaka hatua zilipopotea. "Huyo kashakua," akasema, kama anayesikitika kidogo. Kisha akanigusa tena kichwani. "Wewe bado. Nitakupitia."

Akaondoka na ndege wake. Said na Zuwena walifika na taa za gari, wakanikuta nimeketi, kilemba mdomoni. Sauti yangu ilirudi kidogo kidogo, na watu wanasema haijarudi yote.

Tangu hapo kwetu hakuna kuitana kutoka chumba hadi chumba. Anayemtaka mwenzake humfuata akamwona uso. Mama yangu, ambaye hatukumwambia kitu, amekasirika: "Mjukuu namwita, haitiki! Mmemlea wapi huyu?" Adabu aliyovuka nayo bahari nimeiua mimi.

Wewe ukitaka kuwinda msimu huo, nenda, ndege wapo. Lakini usilie kama mtoto mahali ambapo humjui mama. Na ukiitwa, hata kwa sauti unayoipenda kuliko zote, nenda kaone uso kwanza.

Juzi, adhana ya maghribi ndiyo kwanza imemalizika, Zuwena aliniita nje ya lango. "Baba! Baba, njoo!" Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kutetemeka. Nilikuwa nimeshafika uani, mkono uko kwenye komeo, ndipo simu ikalia mfukoni. Alikuwa Zuwena, yuko zamu Nizwa, ananiuliza kama nimekula.

Sikumjibu. Niliogopa kusikiwa na aliye nje.