Trekta Halitoki Bila Sahihi

Mwenyekiti wa kijiji chetu, kilicho kwenye njia ya Chala, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko wake zake wote wawili: trekta la kijiji, usafiri wetu pekee wa kwenda hospitali, halitoki bila sahihi yake. Mama apatwe na uchungu, sahihi. Mtoto aungue, sahihi. Na bibi akimletea ombi lenye alama ya dole gumba, alimcheka mbele za watu. "Nenda kisomo cha watu wazima kwanza, bibi!"

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati. Asubuhi moja ya mkutano wa kijiji Mwenyekiti alikuja kuniomba vidonge. Kichwa kinampasuka tangu jana, akasema, na macho yanaona ukungu. Ukungu gani, na jua lote lile? Nikampima presha: mia mbili arobaini kwa mia moja arobaini. Nikapima mkono wa pili, vilevile.

"Ndugu Mwenyekiti, hii si ya vidonge. Saini trekta, uende Sumbawanga sasa hivi."

"Kiongozi haumwi siku ya mkutano, nesi."

Wacha wee! Hata salamu za mkutano hakuzimaliza. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaning'inia, maneno yakawa uji. Watu wakaulizana nani kamroga, na mmoja akaja na wembe amchanje kichwani damu ipungue. Nikamfukuza. Nikamlaza Mwenyekiti, kichwa nikakiinua kwa magunia, nikakataza asinyweshwe hata maji, angepaliwa. Kisha nikamkimbilia dereva.

Dereva akaniuliza sahihi iko wapi.

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Mtu anakufa, yeye anataka karatasi! Lakini mwenzake alikuwa amefukuzwa kazi kwa kumbeba mjamzito bila kibali, naye ana watoto. Basi nikachukua wino, nikashika dole gumba la kushoto la Mwenyekiti, nikaligandamiza kwenye kibali. Alinitazama tu, machozi yakimtoka. Sikumhurumia hata kidogo. Tukampakia kwenye tela.

Hospitali walimchoma sindano, wakaishusha presha polepole. Alirudi akiwa hai, mdomo umenyooka, ila mkono wa kulia ulikataa. Akaanza kwenda kisomo, benchi moja na wale bibi, kujifunza kuandika kwa kushoto. Nikasema moyoni, sasa amekuwa mtu.

Baada ya miezi akaniletea barua ya kwanza aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa onyo kali: nilitoa trekta la kijiji kwa dole gumba, kinyume cha sheria. Nililia kwa hasira, nikacheka, nikalia tena. Ninayo hadi leo. Herufi zimepinda, lakini sahihi yake inasomeka.